Sangara wa Kilo Sita

Mjukuu wangu Koku,

Sisi wa Kagondo tu wazima, na mama yako anakusalimu. Unauliza kwa nini programu yako ya kompyuta, ya lugha ya C, inampa daraja la D mwanafunzi mwenye alama tisini.

Nilipokuwa nauza samaki kisiwani Goziba, mpimaji aliuliza kwanza, "Anazidi kilo moja?" Sangara wangu wa kilo sita akatupwa kwenye kapu la wadogo. Swali la kilo tano, la kapu la wakubwa, halikumfikia. Bado inaniuma.

"Baba, anza na wakubwa," nikamwambia mpimaji.

"Mama, unanifundisha kazi?"

"Ndiyo."

Sikuondoka penye mzani mpaka akageuza maswali.

Nimesoma mistari yako. `if` (kama) ya kwanza inauliza kama alama zinafika arobaini, basi mwenye tisini anaishia hapo na D yake. Anza na themanini, ushuke kwa `else if` (la sivyo, kama). Usiondoke hapo mpaka mwanafunzi huyo apate A yake.

Bibi yako wa mzani