Ubao wa Funguo

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ni goti la mama tu linalosumbua. Ulinishauri kwamba kampuni ndogo ya usafi huuza uaminifu, si sabuni. Basi nikapiga picha ubao wa funguo za wateja, kila ufunguo na kibandiko cha nyumba yake, nikaitia kwenye vipeperushi. Simu haitulii!

Jana akaja ofisini bwana mmoja, kipeperushi mkononi, macho ubaoni. Akakubali bei bila hata kuomba nimpunguzie. Nikashangaa. Leo msumari mmoja ni mtupu: ule wa ufunguo wa akiba wa nyumba yetu, ulioandikwa "Kwa Mama" na anwani.

Fundi wa vitasa atakuja kesho. Tumesukuma kabati mlangoni, tunasikiliza kila hatua ngazini.

Ushauri sitaki tena, kaka. Njoo.

Mdogo wako