Soda Nilizokufungulia, Dada Minza

Dada Minza,

Shikamoo, ingawa marahaba yako sitaisikia. Nina hasira nawe na sitaificha. Hata ulipokuwa hai nilikuwa nakujibu jeuri.

Umekufa kizembe. Mchimbaji akifukiwa na kifusi tunasema bahati mbaya, lakini wewe uliambiwa. Ulipojifungua Lugola, kilo tano na ushee, nesi alikwambia mbele yangu: "Mama Lugola, sukari ya mimba imeshuka, lakini inaweza kukurudia na kukaa moja kwa moja. Njoo wiki ya sita upime, halafu kila mwaka." Ukaitikia kwa heshima zote. Tulipofika nje ukacheka. "Sukari ya nani? Mimi nakula ugali na mlenda." Nikacheka nawe. Majirani walimiminika kumtazama mtoto mnene, baba mkwe wako akachinja mbuzi, na habari ya kupima ikaishia hapo.

Lugola alipofika miaka minne ukaanza kukonda. Hapa Katoro mama lishe wa wachimbaji akikonda, watu wana jibu moja tu. Wateja wakalihama banda lako. Ulilia wiki nzima ndipo ukaenda kupima virusi. Ulipoambiwa huna, ulirudi na vigelegele, ukisema wabeja, wabeja, ukimshukuru kila uliyekutana naye, kana kwamba wao ndio waliokuponya. Na mimi, mjinga, nikanunua kreti la soda tusherehekee. Ulikunywa tano. Ukasema kiu hii haiishi. Ya sita nilikufungulia kwa mkono wangu.

Siku ya tatu ulikuwa unahema kama uliyekimbizwa, huongei. Hospitali walikutoboa kidole, daktari akaniuliza kama uliwahi kuwa na sukari wakati wa mimba. Nikamjibu alikuwa nayo, ila iliisha. Akasema haikuisha, imerudi, tena imepanda mno. Ulikufa kabla ya jioni.

Sasa sikia yaliyobadilika. Shemeji ameoa mwingine, wanaishi Masumbwe. Lugola ananiita mama, na siku hizi hata hakuulizii. Nakuambia ili ikuume, maana mimi inaniuma kila anaponiita.

Nami nimejifungua mtoto wa kike. Nilikuwa na sukari ileile ya mimba, ikashuka, nesi akanipa maneno yaleyale. Mume wangu akasema, "Si imeisha? Unatafuta nini tena?" Wiki ya sita ilipofika nikabaki nyumbani, nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Niliogopa, dada. Nilijiambia nisipopimwa, sina. Nimekutukana ukurasa mzima kwa kosa nililolifanya mwenyewe, tena mimi nilikuwa nimeshakuzika.

Nimechelewa siku nane, lakini nimekuja. Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki, sijala tangu jana, mtoto amelala mapajani. Mbele yangu amebaki mwanamke mmoja.

Sijui watanikuta na nini. Wakinikuta nayo nitameza dawa, wasiponikuta nayo nitarudi mwakani, na mwaka unaofuata. Hilo nakuahidi, kwa ajili ya hawa watoto wawili. Nakupenda sana, mpuuzi wewe. Lala salama.

Wananiita. Kwaheri, Minza. Usiniwekee nafasi hapo ulipo.

Mdogo wako,
Milembe