Loki ya Difu ya Mbele

Jumamosi, baada ya magharibi

Sijawahi kumwambia mtu, lakini zamani nilikuwa nafurahi pikapu yetu ikikwama kwenye mchanga wa Msimbati. Baba ni mtu wa maneno machache, kama mimi. Ila tukishapunguza upepo wa matairi na kutandika makuti, tulikuwa tunakaa kwenye kivuli cha gari kusubiri watu wa kutusukuma, naye anaanza kunisimulia utoto wake. Bado namwona akimwigiza mbuzi wa jirani aliyelewa mabibo.

Leo tulikwenda kwa fundi, mtaa wa Chikongola, kuchagua loki ya difu ya mbele, kifaa cha kuyafunga magurudumu ya mbele yavute pamoja mchangani. Alikuwa nazo mbili, moja inajifunga yenyewe, nyingine ni ya swichi. Maelezo ni ya Kiingereza, nikapewa mimi nisome.

“Haya injinia, yanasemaje?” fundi akanitania.

Yalikuwa wazi kabisa. Ya swichi inalifaa gari letu.

“Zote haziingii kwenye gari letu,” nikajibu.

Baba akatikisa kichwa. “Basi. Makuti yapo.”

Sasa hivi Mama ametoka kumkanda Baba kiuno. Tangu niende bweni anauchimba mchanga peke yake. Na mimi nimemnyima loki kwa ajili ya hadithi ambazo ningeweza kumwomba tu anisimulie, hata pale barazani.

Nasikia ndala za Baba zinakuja. Siku zote daftari hili nalisukumia chini ya mto. Kwa mdomo sitaweza kumwambia, najijua. Naliacha wazi mezani, asome.