Glavu Katikati ya Magoti

Kuusamo, 9 Machi

Shangazi Tuulikki,

Hili sijamwambia mtu: ile glavu niliishona kwenye suruali.

Unajua Baba anavyofundisha kuteleza thelujini kwa vibao vya skii. Unabana glavu kati ya magoti na kushuka kwenye matuta ya theluji. Ikidondoka, unapanda tena kwa miguu. Kona nilizikata vizuri kwa ukingo wa skii, lakini kwenye matuta magoti yaliachana kila mara. Nikaishona. Mdogo wangu Kaisu akagundua.

"Dada, nishonee na mimi, la sivyo namwambia Baba."

Nikamshonea, tukicheka.

Baba alipoona glavu hazidondoki, alisema, "Sasa mmeiva," akatupeleka kwenye mteremko mkali. Kaisu alianguka kwenye tuta la tatu. Nilimfikia kabla ya Baba, nikakata uzi kwa meno, nikaiacha glavu palepale magotini.

Miguu yake haina hisia mpaka leo. Baba ameitundika glavu juu ya kitanda cha Kaisu, na humwambia kila mgeni, "Hata alipoanguka, binti yangu hakuiachia." Kaisu hunitazama tu.

Nimemaliza shule. Jumatatu Baba anataka nianze kuwafundisha watoto zoezi hilohilo.

Shangazi, nakuomba usimwambie. Hana faraja nyingine.

Mwanao,
Venla