Marimba ya Mbao na ya Chuma

Mjukuu wangu Tusekile,

Ugonile? Hapa Ngonga tu wazima. Mpunga umechanua, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini marimba za mbao na za chuma huko chuoni hazilii sawa, ingawa zote hupigwa kwa vijiti. Mimi nilijifunza hilo kwenye harusi ya dada yangu. Nilipiga ya chuma, ya kanisani. Kijana mmoja wa Karonga alitandaza vipande vya mbao juu ya vigogo vya migomba, naye akapiga. Tulipoanza pamoja ikawa vurugu tupu. Bibi harusi alishindwa kucheza, machozi yakamlengalenga.

Kijana akaniinamia. "Dada, mbao ikigongwa hunyamaza upesi, ila chuma chako huendelea kulia. Gonga mara moja, ukiache kiimbe. Mimi nitajaza katikati."

Nikagonga, nikasubiri. Mbao zikakimbia chini ya mlio wangu, na dada akacheza mpaka shela ikamdondoka.

Kijana yule ndiye babu yako. Sasa hivi ananiita tukale, nami nimemwambia asubiri nimalize kukuandikia.

Ndaga kwa kutukumbuka,
Bibi yako