Asubuhi Niliyoishinda Kompyuta

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Miyuji tu wazima, na mama yako anapalilia mtama. Umeniuliza kama niliwahi kuiogopa kompyuta. Niliiogopa sana, mpaka asubuhi moja.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakulima wa zabibu. Kompyuta yetu ya kwanza haikuwa na kipanya, ilikuwa na vitufe tu. Asubuhi hiyo wageni waliokuja kuisoma ripoti yetu walikuwa karibu kufika, ndipo mkuu wa ofisi akaona ripoti nzima nimeandika “Makutopora” badala ya “Makutupora”, jina la mahali penye mashamba yetu.

“Bi Mwajuma, mashine hii imekushinda. Nitaomba mtu kutoka Dar.”

“Nipe dakika tano, mzee.”

Kitabu cha mashine nilikuwa nimekisoma kwa kamusi, wiki nzima. Nikaiita amri ya kutafuta neno na kulibadili kila lilipo, nikaandika neno bovu, kisha neno sahihi. Nilibadili la kwanza peke yake, nikalitazama. Liko sawa! Nikabonyeza kitufe kimoja, na yote yaliyobaki yakanyooka mbele ya macho ya mkuu.

Wageni waliikuta ripoti mezani. Walipoondoka, mkuu akavuta kiti karibu yangu.

“Hebu nionyeshe tena,” akasema, “lakini polepole.”

Nikamwonyesha.

Akupendaye,
Bibi Mwajuma