Jina Lako Limo Kwenye Daftari la Ndiva

Mdogo wangu Zefania,

Barua hii naiacha wazi, si kwa sababu nimekuwa mtu mkubwa wa kuandikia taifa, ila kwa sababu bahasha inataka anuani na wewe huna. Sanduku la posta huna, simu huna, mlango huna. Nimeiandika mara nne kwa mkono wangu huu wa darasa la nne. Moja nimebandika stendi ya Same, moja Makanya, moja imekwenda kwenu Maore, na moja nimempa kondakta wa basi la Bombo, akaanza kuwasomea abiria wake kwa sauti hata kabla sijageuka, mshenzi yule. Kama unaisoma na watu wanachungulia begani kwako, waache. Na wao inawahusu.

Shikamoo sikupi, mimi ndiye mkubwa. Yangu utanipa ukija.

Nianze na ubaya wangu wa zamani kabla sijafika kwenye ule mpya. Miaka yote niliyokuwa nikishuka Same kutibiwa goti, nilikuona pale kwenye baraza la ghala lililofungwa, jirani na stesheni ya reli, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuita Stesheni. Hakuna aliyejua jina lako na hakuna aliyehangaika kulitafuta. Mama mwenye duka la jirani alimwaga maji barazani kila jioni ili usilale, utadhani anangoja saruji iote mchicha. Wa kanisani walikuletea sabuni siku ya Pasaka, wakapiga nayo picha. Wa msikitini walikupa sahani Ijumaa, wakakuomba ukalie mbali kidogo. Wakati wa kampeni ulivaa fulana za vyama viwili, moja juu ya nyingine kwa ajili ya baridi, na wagombea wote wawili wakakupungia mkono. Kuna mwenye basi alisema unaharibu sura ya mji. Sura hiyo mimi naiangalia tangu utotoni na sijawahi kuiona imenawa.

Nilicheka na wenzangu. Mimi ndiye niliyecheka sana.

Halafu siku ile nikakosa basi la kupanda mlimani. Goti limevimba kama boga, nimesimama, vijana wamejaza benchi wanaangalia simu. Wewe ndiye uliyesogea. Ukararua boksi lako katikati, ukanitandikia kipande.

"Kaa upande huu, mzee," ukaniambia. "Upande ule upepo unaingia mbavuni."

Tangu nimzike mke wangu, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia upepo unaingia wapi.

Ukanisomea gazeti lililofungia maandazi. Nusu ya habari ilikuwa imeloa mafuta, ukaijazia mwenyewe, na uongo wako ulikuwa mtamu kuliko habari yenyewe. Nikakuuliza jina lako na kwenu ni wapi. Ukasema Zefania, wa Maore, ulikwenda kuchimba jasi Makanya, uliporudi ukakuta ndugu wameshagawana kila kitu na chumbani kwako wanalala mbuzi. Ulisema hivyo kama mtu anayewapongeza mbuzi. Basi lilipokuja nikakushika mkono. Kondakta akauliza kama huo mzigo ni wangu. Nikamwambia ni wangu, tena usiuweke kwenye keria.

Unakumbuka walivyotupokea? Mama Eliezeri, jirani yangu, alifika kabla chungu hakijachemka, kuniuliza kama siogopi kuchinjwa. Nikamwambia mchinjaji atapata tabu, shingo yenyewe imebaki ngozi. Mzee wa kanisa alikuja kuniombea, akaomba macho wazi, moja likikuangalia wewe na jingine likiangalia jembe. Wanangu walipiga simu kutoka Dar es Salaam, wote watatu siku moja, jambo ambalo halikutokea hata nilipolazwa.

Ulilala jikoni. Mlango hukuweza kuufunga, ulisema ukifungwa unajiona umezikwa, basi tukawa tunauzuia kwa kipande cha kuni. Viatu vyako ulivifanya mto, mwezi mzima, mpaka asubuhi moja nikavikuta nje ya mlango wangu, vimepangwa sambamba na vyangu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kuku. Makande ulikuwa unayatia chumvi kama unataka kuyahifadhi mpaka mwakani, nakutukana, unacheka, unaongeza tena.

Ndipo baragumu likapulizwa.

Wasomaji wa stendi wasiojua mambo ya mlimani niwaambie: ndiva ni bwawa letu la kuchimba kwa mikono, la kukusanyia maji ya mashamba. Likijaa tope tunaitana msaragambo, kazi ya wote, na kila nyumba inatoa mtu wake. Awe mtu wa nyumba hiyo hasa, si kibarua. Nyumba isiyotoa mtu, zamu yake ya maji inakuwa ya mwisho, yakiwa yamebaki ya kunawia. Nyumba yangu mimi ilikuwa na goti tu la kutoa. Ukachukua jembe bila kuombwa.

Ulipiga kazi siku mbili. Siku ya pili nikaja na mkongojo wangu, nikae pembeni niringe. Mwenyekiti wa ndiva, mtu niliyecheza naye utotoni, akawa anaita nyumba moja moja kutoka kwenye daftari lake. Alipoita ya kwangu, hukusema nipo. Ulisema, "Tupo."

Kazi ikasimama. Mtu mmoja akauliza siku hizi Stesheni naye ana shamba? Mwenyekiti hakuwa na ubaya, alitaka tu kuandika jambo sahihi. Akanigeukia mbele ya wote.

"Yona, huyu ni nani wako?"

Jibu lilikuwa dogo, mtoto angelisema. Ulikuwa umesimama, tope kiunoni, umeshika jembe langu, unaniangalia. Lakini niliona midomo ya watu imeshajiandaa kucheka, na mimi tangu utoto sijawahi kumwachia mtu mwingine mzaha wa kwanza.

"Huyo," nikasema, "aliletwa na mafuriko, pamoja na tope lingine."

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Na wewe ulicheka, Zefania, hicho ndicho kinachonikaba. Ulicheka, ukainama, ukamaliza sehemu yako mpaka jua likashuka. Jioni tukala, ukasema chumvi inatosha. Asubuhi nikakuta jembe limeoshwa limeegemezwa ukutani, viatu vyangu vimebaki peke yake, kipande cha kuni kimerudishwa kwenye rundo, na mlango wa jikoni umefungwa vizuri kabisa.

Maji yalikuja kwa zamu, maana mwenyekiti alisema tope limetoka na nani kalitoa ni shauri jingine. Maharage yakastawi. Nimeyala peke yangu. Nimejaribu kuwatania kuku, wanaondoka. Watu wanasema Yona siku hizi amekuwa mpole. Upole gani. Mzaha unataka mtu wa pili, na yule wa pili nimemtumia kama kuni.

Nilishuka Same kukutafuta. Baraza la ghala lilikuwa kavu. Yule mama wa duka akaniambia aliacha kumwaga maji tangu ulipoondoka na mimi, kisha akaniuliza polepole kama kile kikohozi chako kilipona. Kwa hiyo alikuwa anakisikia. Makanya niliuliza kama wamemwona mtu asiye na pa kulala, wakaniuliza yupi, wako wengi. Hospitali karani akataka kujua huyo ninayemtafuta ni nani wangu. Nikasema mdogo wangu. Lilitoka laini kama uji. Lakini pale hakuna aliyenijua wala aliyetaka kucheka, nikaona halijahesabika.

Juzi baragumu likapulizwa tena. Nikajikokota mpaka ndiva. Mwenyekiti alipoita nyumba yangu, nikasimama, na goti likalia mpaka wakageuka.

"Mtu wa nyumba yangu anaitwa Zefania," nikasema. "Ni mdogo wangu. Hayupo."

Wakangoja mzaha. Nilikuwa nao, tena mzuri, nikaumeza. Mwenyekiti akanikumbusha kwamba akiandika hivyo maji yangu yatakuja mwisho, na kama ni ugonjwa wa goti angeweza kunihurumia. Nikamwambia hurumia goti la mtu mwingine, wewe andika. Kisha nikamuuliza kama mtu asiye na nyumba anaweza kuandikwa kwamba hayupo.

Akajikuna kidevu kwa kalamu. "Hapana," akasema. "Huyo haandikwi kabisa."

Akaandika. Nilisogea nikaangalia kwa macho yangu, maana simwamini. Jina lako, jina la nyumba yangu, na mbele yake: hayupo. Mama Eliezeri naye aliinama kusoma. Hakucheka. Aliniuliza tu kama una blanketi.

Basi ndiyo hali. Msimu huu maharage yangu yatapata maji ya kunawia, na yakinyauka nitakulaumu wewe. Angalau nitakuwa na mtu wa kulaumu. Kipande cha kuni nimekirudisha mlangoni. Jiko halijafungwa tangu juzi, kuku wamehamia humo, utawafukuza mwenyewe, mimi sikuwapa ruhusa. Chumvi ipo.

Usije kuniambia umenisamehe, sitajua niangalie wapi. Njoo tu siku ya baragumu, simama palepale na jembe, uache niulizwe tena.

Wako wa nyumba moja,

Kaka yako Yona